Mshubiri wa Uani: Usiuzamishe kwa Maji, Usisahau Kuuchuja

Mishubiri (aloe vera) mingi inayokufa majumbani Mombasa huuawa na maji. Mtu hupanda mche kwenye ndoo isiyo na tundu, akaumwagilia kila jioni pamoja na mchicha. Majani ya chini hulegea na kuwa laini, na ukiuvuta kidogo unang'oka wote, mizizi myeusi inanuka. Majani yake mazito ndiyo ghala lake la maji, kwa hiyo kiangazi hakiutishi.

Anza na mtoto aliyeota ubavuni mwa mmea mama, mwenye mizizi yake. Jirani atakupa tu, maana mmea uliokomaa huzaa wengi. Usiende kung'oa shubiri za porini: isipokuwa huu wa nyumbani, aina za shubiri zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Muache mtoto kivulini siku mbili tatu, pale ulipomkata pakauke, ndipo umpande.

Likoni na Kisauni, kwenye mchanga, samadi kidogo iliyooza yatosha. Kule bara ya magharibi, Changamwe na Miritini, palipo na udongo unaoshika maji, inua tuta au tumia chombo chenye matundu, sehemu mbili za udongo kwa moja ya mchanga. Mchanga wa ufuoni uache, una chumvi. Mwagilia pale tu kidole kikizama udongoni kikatoka kikavu. Masika, Aprili hadi Juni, sogeza vyombo chini ya upenu.

Vuna jani la nje, la chini kabisa, mmea ukishakuwa na majani kumi na zaidi. Hapa ndipo watu wanapokosea. Likate karibu na shina, ulisimamishe ndani ya kikombe, mkato ukiangalia chini, kwa robo saa. Utaona utomvu wa manjano ukichuruzika, kisha ukigeuka kahawia. Huo una aloini, ndio uletao ule uchungu na kuharisha. Umwage. Osha jani, menya ganda lote, suuza tena ule ute mweupe unaoteleza.

Ute huo ni wa ngozi: jua lililochoma mabega, au moto mdogo wa jikoni baada ya kupooza kidonda kwa maji ya bomba dakika 20. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, usubiri hadi kesho yake, ukiwasha, acha. Kidonda kirefu au kikubwa ni cha hospitali.

Kuhusu kuunywa, nasema wazi: sishauri. Mwaka 2002 Marekani iliondoa shubiri katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasiinywe kabisa. Mwenye sukari anayemeza vidonge amuulize daktari kwanza, kwani huenda sukari ikashuka kupita kiasi.

Na wafugaji wa kuku, jambo moja. Wengi hukatakata jani la shubiri ndani ya maji ya kuku kideri (ugonjwa wa Newcastle) kikipita mtaani. Kideri hakina tiba, na shubiri haiwezi kushika nafasi ya chanjo. Mwone afisa wa mifugo kuku wakiwa bado wazima, upange ratiba ya kuwachanja na kurudia.