SOMO: Kufunga twita (spika ndogo za sauti za juu) za berili, alumini na metali nyingine bila kuziua

Wakuu, swali hili nimelijibu inbox mpaka vidole vimechoka: "Twita yangu mpya ya metali imekufa siku ya kwanza, tatizo nini?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Kwanza mjue mnanunua nini. Kiwambo cha twita, yaani lile kuba dogo la mbele linalotetemeka, kinatakiwa kiwe chepesi na kigumu ili kisukume hewa chote kwa pamoja bila kujikunja. Alumini, titani na magnesi hazilingani kwa uzito wala kwa ugumu, lakini ukigawa ugumu kwa uzito zinakaribiana sana: sauti hupita ndani yake kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde. Berili iko peke yake. Ni nyepesi kuliko alumini (gramu 1.85 kwa sentimita ya ujazo, alumini 2.7), ugumu wake ni zaidi ya mara nne, na sauti hupita humo kwa zaidi ya mita 12,000 kwa sekunde. Kuba la alumini la milimita 25 huanza kulia mlio wake lenyewe karibu na kilohezi 25. La berili huchelewa mpaka juu zaidi. Sikio la binadamu linaishia 20. Kwa hiyo anayelalamika kwamba alumini "inachoma masikio", mara nyingi anachosikia ni krosova mbovu (saketi inayogawa sauti kati ya twita na spika kubwa).

Hatua ya 1. Pima kwa multimita. Twita ya ohm 4 au 8 husoma chini kidogo ya hapo. Isiposoma kitu, irudishe dukani.

Hatua ya 2. Chonga ubao wa mbele ili uso wa twita ukae sawasawa na mbao, halafu futa vumbi lote la MDF (mbao za unga uliogandamizwa).

Hatua ya 3. Toboa vitundu vya skrubu KABLA twita haijakaribia kasha.

Hatua ya 4. Kufunga skrubu. Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa imebaki skrubu moja, bisibisi mkononi, na wavu wa kinga nilikuwa nimeutoa ili nione vizuri. Ncha ilipokaribia, sumaku iliinyakua kabla sijaishika vizuri. Kuba la hariri lingebonyea tu. La berili lilipasuka kama ganda la yai. Halafu nikafanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza: niliinama nikapuliza vile vipande kwa mdomo. Vumbi la berili ni sumu ya mapafu. Ugonjwa wake unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, na hauponi kabisa. Kuba zima halina shida ukilisikiliza kila siku. Hatari huanza likivunjika, likisuguliwa au likikatwa. Kwa hiyo:

Wavu usiutoe. Kama twita haina wavu, funika kuba kwa kifuniko kigumu cha chupa, ukibandike kwa utepe wa karatasi wenye gundi pembeni, kisigusane na kuba. Kaza kwa mkono, si kwa drili. Likivunjika, usipulize, usifagie, usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Vaa glovu na barakoa, okota kwa utepe wa karatasi wenye gundi na kitambaa kilicholowa, tia vyote kwenye mifuko miwili na uifunge.

Hatua ya 5. Krosova. Fuata karatasi ya data. Twita nyingi za milimita 25 hukatiwa sauti za chini kati ya hezi 2,000 na 3,000.

Hatua ya 6. Mnaotumia DSP (krosova ya kidijitali) na amplifaya ya peke yake kwa twita: wekeni kapasita ya kinga. Amplifaya ikiwashwa na kutoa "tu!", ule mshindo unaingia moja kwa moja kwenye koili (waya mwembamba ulio ndani ya twita). Hesabu: 159,000 gawanya kwa (hezi mara ohm). Kwa hezi 600 (chini sana ya krosova, isiiingilie) na ohm 6 unapata mikrofaradi 44, chukua 47.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikiunganisha moja kwa moja kwenye amplifaya, kwa sauti ndogo, kujaribu tu?
Jibu: Hapana. Hatua ya 6.

Swali: Kuba langu la berili limepata ufa. Naweza kulipiga msasa kidogo nikaweka supaglu?
Jibu: Kaka, umeruka hatua ya 4 yote. Msasa ndio unaotengeneza lile vumbi. Usiliguse, funga twita kwenye mfuko, ulizia kiwambo kipya kwa mtengenezaji.

Swali: Shikamoo kaka. Sokoni nimeona twita za bei ya chini sana zimeandikwa berili. Nitajuaje ni ya kweli?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Rangi haitakusaidia, na usikwaruze ili kupima. Angalia karatasi ya data: inataja kuba la berili tupu, au inasema "limepakwa" tu? Halafu bei. Berili ni ngumu kufinyanga na kiwanda lazima kijikinge na vumbi lake, ndiyo maana hata SEAS wa Norwe na Scan-Speak wa Denmaki huziuza ghali. SB Acoustics wa Indonesia wanazo pia kwenye safu yao ya Satori. Kama bei ni ya twita ya hariri, hiyo siyo berili. Na kwa bajeti ndogo, alumini nzuri yenye krosova iliyopimwa itakufurahisha.

Swali: Kwa hiyo hii ni teknolojia mpya?
Jibu: Hapana. Yamaha walitoa NS-1000M mwaka 1974 ikiwa na makuba ya berili, ya twita na hata ya sauti za kati. Ukikutana na jozi ya zamani, angalia kwanza wavu haujabonyezwa ndani.

Swali: Nje ya mada kidogo: vumbi kwenye kuba tunaliondoaje?
Jibu: Kipuliza cha mpira cha kusafishia lenzi za kamera, kwa umbali wa kiganja. Ni kwa kuba zima tu. Kitambaa hapana, brashi hapana.