Jinsi ya kuchimba historia ya stesheni iliyokufa

Wajameni, ukitoka Mombasa ukapita Mazeras, Mariakani mpaka Mackinnon Road, utaona stesheni za reli ya zamani zimelala tu, na ukiuliza zilijengwa lini kila mtu atakwambia "za mkoloni hizo, 1896". Hapo ndo makosa huanza. 1896 ndo reli ilianza kutandikwa hapa Mombasa, Nairobi ikafika 1899 na Kisumu 1901, lakini jengo lenyewe laweza kuwa la miaka mingi baadaye. Kwa hivyo tafuta tarehe tatu: ya reli, ya jengo, na ya kufa.

Anza na chuma. Inama uangalie ubavuni mwa reli, mara nyingi utakuta jina la kiwanda na mwaka vimechomoza, kama kuna kutu sugua na brashi kavu. Usishangilie lakini, reli hung'olewa huku zikapelekwa kule, huo ni mwaka wa chuma si wa stesheni. Na treni za mizigo ziangalie kabla hujainama, kama kuna askari muombe ruhusa kwanza.

Kinachonisaidia mimi zaidi ni herufi. Kagua kengele, taa, makabati, hata vifuniko vya matangi: KUR (Kenya and Uganda Railway) ni enzi za shirika la Kenya na Uganda, EAR&H (East African Railways and Harbours, reli na bandari pamoja) ni 1948 mpaka 1969, EAR peke yake ni baada ya hapo mpaka shirika la Afrika Mashariki lilipovunjika 1977, alafu ndo inakuja KR (Kenya Railways). Vitu huhamishwa pia, ila ukipata vitatu vinne vya enzi moja ushajua.

Wazee sasa. Ukiuliza "ilifungwa mwaka gani" utapewa mwaka wowote tu. Nlimuamkia bibi mmoja aliyekuwa akiuza mahamri pale pale stesheni, nikamuuliza treni likifika saa ngapi na mwanawe wa kwanza alikuwa na umri gani alipowacha kuuza, hesabu yote ikapatikana hapo hapo, tena akanionyesha stesheni masta alikuwa akikaa nyumba gani.

Tarehe ya kufa msiandike 2017 kila mahali. Ni kweli treni ya abiria ya Nairobi kwa reli ya zamani iliisha mwaka huo SGR, ile reli mpya, ilipoanza kutoka Miritini, lakini stesheni ndogo ndogo nyingi treni ilishawacha kusimama kitambo, ikawa yapita tu. Uliza tiketi ya mwisho ilikatwa lini pale dirishani.