Umeumia kazini Nairobi? Fanya hivi kabla hujatafuta wakili

Mtu akikatwa vidole na mashine huko Industrial Area ama akianguka kwa mjengo, marafiki humwambia mara moja "tafuta loya, shtaki hiyo kampuni." Ngoja kwanza. Tangu Mahakama ya Juu Zaidi iamue Desemba 2019, madai ya kuumia kazini hayaanzi kortini, yanaanza kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, idara ya serikali inayoitwa DOSHS, na ukienda korti moja kwa moja utaambiwa haina mamlaka, kesi itupwe, na saa hiyo miezi imeenda na pesa ya loya imeenda. Sheria yenyewe ni WIBA ya 2007 (Work Injury Benefits Act), ile ya fidia ya kuumia kazini, na inakupa miezi 12 tu kudai, kuanzia siku uliyoumia.

Kwa hivyo siku hiyo hiyo mwambie foromani ama supavaiza. Sheria inakubali hata ukisema kwa mdomo, lakini maneno ya mdomo yanakanwa kesho yake, tuma mesej pia. Kitu kama: "Supavaiza, leo saa nne asubuhi nimeumia mkono wa kulia kwa mashine ya kukata mabati, Otis na Mama Njeri wameona, naenda hospitali." Imetosha, ina saa, mahali, kilichokuumiza na mashahidi. Bosi akishajua ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi, na kama mtu amefariki ni masaa 24.

Ukifika hospitali mwambie daktari umeumia kazini na uhakikishe ameandika hivyo. Wengi husema tu "nilianguka", halafu baadaye kampuni inasema ulianguka kwako nyumbani. Gharama ya matibabu ni ya mwajiri, lakini weka kila risiti.

Kuna fomu inaitwa DOSH/WIBA 1, sehemu moja anajaza mwajiri na nyingine daktari, na hapo daktari ndiye anaandika asilimia ya ulemavu uliobaki nao. Hiyo asilimia ndiyo pesa yako. Chukua mshahara wa mwezi, zidisha mara 96, halafu piga hiyo asilimia ya jumla uliyopata. Mtu wa 20,000 aliyepewa asilimia 10 ni kama 192,000. Kwa hivyo ukiona kampuni imekuletea 15,000 ya "pole" na karatasi ya kusaini kwamba huna madai tena, usisaini, tafadhali, hata kama kodi ya nyumba inakusumbua. Na kama ulishasaini usikate tamaa, WIBA inasema makubaliano ya kuacha haki zako ni batili, enda udai tu.

Mwajiri akikataa kujaza fomu? Enda mwenyewe Safety House, Commercial Street, Industrial Area, beba kitambulisho, karatasi za hospitali, zile mesej, na kitu cha kuonyesha ulikuwa unafanya kazi hapo, peislipu ama stetimenti ya M-Pesa ya malipo yako. Vibarua msiogope, huhitaji kuwa pamenenti ndio ulipwe fidia. Mkurugenzi akishapeleka madai, mwajiri ama kampuni yake ya bima ina siku 90 kulipa.

Sasa chama cha wafanyakazi. Kama peislipu yako inakatwa pesa ya chama kila mwezi, hiyo huduma umeshailipia, itumie! Anza na shopu stewadi, yaani mwakilishi wa chama hapo kazini, yeye akizubaa panda kwa katibu wa tawi. Afisa wa chama anaruhusiwa na sheria kukusimamia hata kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, si lazima awe wakili. Na mwajiri akikufuta kwa sababu ulilalamika ama uko kwa chama, hiyo ni kesi nyingine kabisa na ina nguvu.

Kama huna chama, kuna Kituo cha Sheria, wako tangu 1973 na wanasaidia watu wasio na uwezo bure, ofisi yao iko Ole Odume Road, Kilimani. Pia serikali ina huduma ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016.

Wakili wa kulipa anakuja mwishoni, kwa mfano mkurugenzi ameamua vibaya. Hapo una siku 60 za kupinga kwake kwa maandishi, na jibu lake likikukataa una siku 30 za kukata rufaa kwenye ile mahakama ya ajira, hizo siku hazingoji mtu. Wale mabroka wanaokufuata mpaka wodini na fomu za loya wasiyetaja jina, wakatae. Uliza jina kamili la wakili, litafute kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili, uone kama ana leseni ya mwaka huu, na ada yake mwandikiane kabla hujampa karatasi zako za orijino. Mpe kopi kwanza.