Namna ya Kuondoa Vizuizi vya Lishe ya Mtoto wa Chini ya Miaka Miwili Katika Mialo ya Mwanza

Katika mialo ya Mwanza, yaani fukwe ambako mitumbwi ya wavuvi hutia nanga, kuanzia Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, dagaa huanikwa hatua chache kutoka nyumba ambamo mtoto wa miezi 9 anashindia uji mweupe wa mahindi wenye sukari. Hali hiyo inaniumiza kila ninapoikuta, kwa sababu chakula kipo ila hakijafika kinywani mwa mtoto. Kwa hiyo wazazi, mabibi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kabla ya kumwambia mama apike nini, tafuteni kwanza kinachomzuia.

Anzeni na muda. Fuatilieni siku moja nzima, tangu mtoto anapoamka hadi anapolala, mkiandika ni nani aliyemlisha, saa ngapi na kiasi gani. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini hupewa hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku; mama anayejiajiri kwa kuanika dagaa hana likizo hiyo, naye hutoka alfajiri kupokea mitumbwi. Ikiwa mtoto hajatimiza miezi 6, anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, hivyo mama akamue maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, na anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe. Baada ya hapo mtoto aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, huku akipewa mlo mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9. Bibi au dada anayeshinda naye ndiye wa kufundishwa hayo, kwani ndiye mwenye kijiko mkononi.

Tazameni pia uji wenyewe. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua takriban mililita 240 tu kwa mlo mmoja, kwa hiyo uji mwepesi humshibisha maji kabla hajapata nguvu yoyote. Upikwe mzito kiasi cha kutuama kwenye kijiko bila kuchuruzika. Madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo huwa yamepungua afikapo miezi 6, na hapo dagaa ni msaada mkubwa. Chagueni waliokauka kwenye vichanja badala ya mchangani, ondoeni vichwa, waosheni, wakaangeni bila mafuta hadi wakauke kabisa, kisha watwangeni na kuwachekecha. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya unga huo vitiwe kwenye uji unaochemka. Sishauri kusaga dagaa, karanga, soya na mahindi pamoja katika gunia moja: kila kimoja kina muda wake wa kuiva, mafuta ya karanga huchacha upesi, na karanga chache zenye ukungu huweza kuingiza sumukuvu katika unga wote.

Kati ya makundi 8 ya vyakula (maziwa ya mama; nafaka na mizizi; kunde na karanga; maziwa mengine; nyama na samaki; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi; matunda na mboga nyingine), mtoto apate angalau 5 kwa siku. Viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, maharage, yai, papai na mchicha vyote hupatikana hapa.

Fedha ina majira yake ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka uvuvi husimama na mapato hupungua. Baba na mama wakae pamoja wakati wa giza, waweke akiba ya unga wa dagaa na maharage, na wakubaliane kwamba yai moja la kuku wa nyumbani ni la mtoto kabla ya kufikiria kuuza mengine. Wapo wanaoamini kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema. Msimbishie bibi mbele ya mkwewe. Mwombeni kwa heshima amlishe mjukuu yeye mwenyewe yai lililoiva vizuri, ajionee.

Maji ya ziwa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kulisha, kwani kuhara huondoa hamu ya kula na kupoteza kile mtoto alichokwisha kula. Akiugua, aendelee kunyonya na kula kidogo kidogo mara nyingi. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2. Mpelekeni kliniki kila mwezi kupimwa uzito. Mstari kwenye kadi yake ukilala au ukishuka, au miguu yake yote miwili ikivimba, msisubiri tarehe ya kliniki: mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.