Fidia ya ajali ya barabarani Mombasa: kuanzia OB ya polisi hadi hundi

Mtu akigongwa na tuktuk Kongowea au matatu ikipinduka Kibarani, bima italipa jeraha lililoandikwa, la mtu aliyeandikwa, lililosababishwa na gari lililoandikwa. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana kwenye karatasi, madai huanza kuchechemea hata kama mguu umevunjika mbele ya watu mia. Ndiyo maana kazi kubwa ya kudai fidia hufanyika siku za mwanzo, wakati mwenyewe bado amelala wodini. Jamaa zake ndio wa kuifanya.

Anzeni na gari. Pigeni picha namba ya usajili na stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Stika hiyo ina jina la kampuni ya bima, namba ya bima na tarehe ya kuisha. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, atoe jina lake na la mwenye gari, na aripoti polisi ndani ya saa 24. Akikimbia, tafuteni namba mapema kwa wauza mahamri, wapiga debe na mabodaboda wa steji, maana bila gari linalojulikana hakuna wa kushtakiwa wala bima ya kuandikiwa. Chukueni pia namba za simu za mashahidi wawili au watatu. Baada ya miezi sita huwapati tena. Picha za simu mahakamani hudai cheti cha aliyezipiga, kinachoeleza kifaa alichotumia, basi msizifute kwenye simu ya awali.

Ripoti iingizwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, ya kituo cha polisi kinachosimamia eneo la ajali, iwe Nyali, Changamwe, Likoni au Makupa. Kwenye ajali ya matatu, hakikisheni kila aliyeumia ameandikwa jina, na liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwanajuma Ali wa kitambulisho akiandikwa "Mama Salim", mwaka mzima utapotea kuapa viapo kwamba ni mtu mmoja. Abiria anayejiona mzima, akaenda zake nyumbani bila kuandikwa, halafu shingo ikaanza kumuuma siku ya tatu, huambiwa na bima kwamba hakuwemo garini.

Hospitalini, iwe hospitali kubwa kama Makadara au zahanati ya mtaani, mgonjwa ataje kila panapouma. Daktari wa zamu huandika anachokiona na anachoambiwa. Karatasi za siku ya kwanza zikisema "majeraha ya nyama laini" na ripoti ya miezi minne baadaye ikataja mfupa uliovunjika, wakili wa bima ataziweka karatasi hizo mbili mbele ya hakimu na kuuliza mfupa ulivunjikia wapi. Hifadhi kadi ya matibabu, muhtasari wa kuruhusiwa, filamu za eksirei na kila risiti. Mliolipa kwa M-Pesa, toeni taarifa ya miamala. Gharama za namna hii huitwa hasara mahsusi, na mahakama hailipi hasara mahsusi ambayo haikutajwa kwenye hati ya madai, ile inayofungua kesi, na kuthibitishwa. Teksi ya kwenda kliniki kila wiki bila risiti ni pesa uliyoiacha barabarani.

Fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha, hutolewa na polisi bila malipo, na hujazwa na daktari baada ya kuona karatasi za matibabu. Halafu kuna abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya muhtasari wa ripoti ya ajali, na hii isomeni kabla ya kuondoka kaunta. Angalieni namba ya OB, tarehe, mahali, namba za magari yote, jina la mwenye gari, kampuni na namba ya bima, na jina la aliyeumia. Herufi moja ya namba ya usajili ikikosewa, utafutaji wa mmiliki kwenye NTSA, mamlaka inayosajili magari, utaleta gari la mtu mwingine kabisa. Sehemu ya nani alaumiwe mara nyingi huandikwa kwamba uchunguzi unaendelea. Msivunjike moyo. Abstrakti inathibitisha kwamba ajali iliripotiwa, ila kosa la dereva huthibitishwa na ushahidi wa walioona. Ndipo zile namba za simu za mashahidi zinapofanya kazi.

Wakili humtafuta mmiliki kwa kuchukua nakala ya kumbukumbu za gari. Sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa kawaida hushtakiwa yeye pamoja na dereva.

Je, bima italipa? Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani ya wengine wanaoumizwa na gari lake, na inailazimu kampuni kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake hadi Sh3,000,000 kwa kila mdai. Kinachozidi hapo ni cha mwenye gari. Mwenye kutembea kwa miguu na abiria wa matatu wamo ndani ya kinga hiyo. Abiria aliyepewa lifti kwenye gari la binafsi, bima ya lazima haimhusu, ingawa mwenye gari bado anaweza kushtakiwa. Turnboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori la makontena aliyeumia Miritini akiwa kazini naye si mtu wa tatu kwa mwajiri wake. Njia yake ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, aripoti kwa mwajiri mara moja na adai ndani ya miezi 12. Watu wengi wa bandarini huanzia mlango usio wao na kupoteza muda.

Ripoti ya matibabu ambayo wakili huiagiza kwa ajili ya kesi isifanywe mapema mno. Mfupa usipokuwa umeunga, daktari hawezi kusema utabaki na ulemavu wa asilimia ngapi. Kama kuna chuma ndani ya mguu, ripoti itaje gharama ya kukitoa, na gharama hiyo iingie kwenye hati ya madai. Isipotajwa hapo, hata hakimu mwenye huruma hana namna. Bima nayo itataka daktari wake akupime. Nenda na karatasi zote, jibu unachoulizwa, usiongeze chumvi.

Kabla ya kwenda mahakamani hupelekwa barua ya madai kwa mwenye gari, na bima ipewe notisi ya kesi. Usiruke notisi hii, kwa sababu sheria imeiwekea siku maalumu, na bima isiyoarifiwa kwa wakati hupata sababu ya kukataa kulipa hukumu. Madai mengine huishia hapa kwa maelewano. Wakati huohuo anaweza kukufikia mtu mwenye vocha ya kumaliza madai, yaani karatasi ya kukubali kwamba umelipwa na hudai tena, na pesa mkononi, pengine ukiwa bado na plasta. Ukiisaini, umefunga mlango wote, hata vidole vikifa ganzi baadaye. Isome na wakili wako kwanza.

Kiasi chenyewe hupimwa kwa kutazama mahakama zilitoa nini kwa majeraha yanayofanana, kisha kuangalia umri, ulemavu na kupanda kwa bei. Muulize wakili akuonyeshe hukumu hizo. Akikutajia mamilioni bila kukuonyesha hata moja, tafuta mwingine. Kisha hukatwa sehemu yako ya lawama. Mkigawana 80 kwa 20, na fidia ni Sh500,000, unapata Sh400,000. Aliyekuwa kwenye bodaboda bila helmeti au aliyevuka barabara ghafla atabeba sehemu. Abiria aliyeketi kwenye kiti chake mara nyingi habebi kitu.

Kesi ya jeraha ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali, muda ni miezi 12 tu, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Mahakimu husikiliza madai kulingana na cheo, Hakimu Mkuu hadi Sh20,000,000. Mahakama ya Madai Madogo ina kikomo cha Sh1,000,000 na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60, lakini majaji wamewahi kutofautiana kuhusu uwezo wake katika kesi za ajali, kwa hiyo chagua baada ya ushauri. Kesi yaweza pia kupelekwa kwa msuluhishi wa mahakama. Kubali, hasa lawama ikiwa wazi na ugomvi ni wa kiasi tu.

Fidia ya aliyefariki hudaiwa kwa njia tofauti. Familia huchukua kwanza barua ya usimamizi yenye mipaka, yaani ruhusa ya mahakama ya kumwakilisha marehemu kwenye kesi, halafu hudai kwa niaba ya mirathi na ya wategemezi: mume au mke, watoto na wazazi. Hesabu ya utegemezi ni mapato ya mwezi mara 12, mara sehemu iliyokwenda kwa familia, mara miaka ambayo mahakama itakubali. Dereva wa tuktuk wa miaka 35 aliyekuwa akipata Sh20,000, theluthi mbili zikienda nyumbani, kwa miaka 20, ni Sh3,200,000. Hiyo imeshapita kikomo cha bima. Mapato yasipothibitishwa, hakimu aweza kutumia mshahara wa chini wa serikali au kutoa jumla moja. Daftari la mapato ya kila siku na taarifa ya M-Pesa huinua hesabu hiyo kuliko maneno ya mjane peke yake.

Hukumu ikitoka, bima ina siku 30 za kukata rufaa. Ikiomba kusimamisha malipo, mahakama mara nyingi huamuru nusu ulipwe na nusu iwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili. Ikikaa kimya, wakili hufungua kesi nyingine dhidi ya kampuni yenyewe ili ilazimishwe kulipa.

Kuhusu wakili, makubaliano ya kumlipa asilimia ya fidia akishinda ni batili kisheria. Mkubaliane ada kwa maandishi. Broka anayezunguka wodini na fomu za kusaini amevunja sheria, na wakili aliyemtuma pia. Hundi hupitia kwa wakili, basi mwachie kampuni ya bima na mahakama namba yako ya simu, uulize mwenyewe tarehe ya malipo. Dai taarifa iliyoandikwa: kilichoingia, ada, gharama, kilichobaki. Akizungusha, peleka nakala kwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili. Pesa ya mtoto usikubali ipitie mkononi kienyeji, maana maelewano yoyote kwa niaba yake yanahitaji idhini ya mahakama, na mahakama ndiyo huelekeza zitunzwe wapi mpaka afikishe miaka 18.