Namna ya Kufuatilia Samaki wa Ardhioevu kwa Misimu katika Mikoa ya Lindi na Mtwara

Anayetaka kujua hali ya samaki katika mabwawa ya mafuriko ya bonde la Ruvuma, au katika ziwa dogo kama Rutamba kule Lindi, hana budi kuanza na kalenda ya mvua kabla ya kugusa mtego. Kusini kwetu msimu wa mvua ni mmoja: huanza Novemba au Desemba, mara nyingi mvua hukatika kwa siku kadhaa mnamo Februari, kisha hurejea hadi Aprili au mapema Mei. Panga basi kufika walau mara nne: mvua zinapoanza, mafuriko yanapofikia kilele, maji yanapoanza kushuka, na Oktoba, yanapobaki madimbwi machache. Ukimudu safari mbili tu, chagua kilele cha mafuriko na Oktoba. Usifanye zote mbili kiangazi kwa sababu tu barabara inapitika.

Kila ufikapo, pima maji kwanza, kwa kuwa ukishaingia na kutibua tope vipimo vyako vimeharibika. Pima oksijeni alfajiri kabla ya jua kuchomoza, kisha saa nane mchana. Kipimo cha alfajiri ndicho chenye uzito zaidi, maana usiku kucha mimea na vijidudu hutumia oksijeni pasipo kuizalisha. Maji ya mto yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, ndiyo maana dimbwi la Oktoba, lenye joto na majani yanayooza, huwa hatari kwa samaki. Asiye na kifaa na awatazame perege: wakikusanyika juu na kupanua midomo usawa wa uso wa maji, oksijeni imeshuka mno. Kambare hawafai kuwa kipimo, kwa sababu wana kiungo cha kuvutia hewa. Hupanda, humeza pumzi moja, huzama tena.

Kwa uangavu wa maji, tumia sahani yenye upana wa sentimita 20 iliyopakwa robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupokezana, ikining'inia kwenye kamba yenye fundo kila sentimita 10. Ishushe kwenye kivuli hadi ipotee machoni, ipandishe hadi ionekane, uandike wastani wa vina hivyo viwili. Katika mlango wa mto Lukuledi pima chumvi pia, na uandike kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, usije ukayahesabu mabadiliko ya muda wa saa sita tu kuwa ya msimu.

Migono, yaani mitego ya kusukwa ya samaki, iwe ileile kila safari: idadi moja, matundu sawa, saa sawa majini. Itege jioni, ipandishe asubuhi na mapema, andika aina, idadi na urefu wa samaki, kisha warudishe wakiwa hai. Mahali penye mamba usisimame majini hata kidogo.

Kwenye kusoma matokeo ndipo wengi hukosea. Oktoba mgono mmoja hufurika, na mtu akadhani samaki wameongezeka, kumbe maji yamepungua na samaki wamebanana. Machi mgono huohuo hutoka na wawili watatu, kwa kuwa wametawanyika kwenye nyasi zilizofurika, ambako kambare hutaga na vifaranga hupata chakula na maficho. Linganisha Oktoba na Oktoba, Machi na Machi. Perege wakitoweka huku kambare wakibaki, na oksijeni ya alfajiri ikiwa chini, yashuku maji. Ikiwa oksijeni ni nzuri, chunguza nyavu za wavuvi.

Dimbwi lililokauka usiliandike kuwa halina samaki. Wapo samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius ambao hufa maji yakikauka, ilhali mayai yao husubiri ndani ya udongo kwa miezi, yakaanguliwa mvua inaporudi. Rudi wiki chache baada ya dimbwi kujaa, upitishe kimia kidogo chenye mpini kandokando ya majani, ndipo uandike.