Modeli ya plastiki ya kifaru cha Sherman, ndogo mara 35 kuliko chenyewe (1/35), ionekane imetoka vitani kweli

Wakuu, vipande vikate kwa wembe kwenye fremu ya plastiki vilikoshikana, usivinyofoe kwa mkono, alafu piga msasa laini. Gundi ya plastiki weka kidogo tu maana inayeyusha plastiki ndo inashika, ukimwaga umeharibu. Minyororo (ile inayozunguka magurudumu) iache mwisho.

Rangi sasa, hapa Dodoma upepo unaleta vumbi linanata kwenye rangi mbichi, so paka asubuhi mapema, tabaka nyembamba, na ufunike na ndoo chap.

Uchakavu ndo utamu wenyewe. Chukua kipande cha sponji ya godoro, chovya kwenye rangi ya kahawia iliyokolea, futia kwenye gazeti mpaka ibaki kidogo saana, kisha gusagusa kwenye kingo na kwenye mfuniko wa juu pale askari walipokuwa wanakanyaga. Minyororo isugulie penseli, inang'aa chuma kabisa.

Vumbi letu jekundu usilipake, Sherman za Waingereza zilipigana El Alamein, Misri, Oktoba 1942, huko ni mchanga mweupe-njano. Saga chaki nyeupe na njano, pakaza kwa brashi kavu, magurudumu yapate nyingi, juu kidogo tu (wengi wanazidisha hapa, kinakuwa kama kimemwagiwa unga).